Tarakilishi Kuukuu Inapogoma Baada ya Kuongezewa Vipuri

Jarida hili ulilolishika mkononi nusura lisione jua mwaka huu. Si kwamba waandishi walikosa, la hasha! Mashairi yalikuwepo, insha zilikuwepo, hata vichekesho vya kidato cha kwanza vilikuwa vimekwisha kuchapwa. Ila vyote hivyo vilikuwa ndani ya tarakilishi ya chama, pamoja na majarida ya miaka saba iliyotangulia, na tarakilishi yenyewe ilikuwa imegoma kuwaka. Aliyeigomesha ni mimi.

Wengi wenu mnaijua tarakilishi hiyo. Ni ile iliyo kwenye chumba kidogo nyuma ya maktaba, kasha lake jeusi limechubuka pembeni kama mkoba wa mwanafunzi wa bweni. Umri wake ni miaka kumi na mitano hivi. Ukiiwasha kabla ya mapumziko ya saa nne, unaweza kwenda kunywa chai na kurudi ukaikuta bado inajizungusha. Ndipo chama kikaamua kutumia pesa tulizouza jarida la mwaka jana tuiongezee nguvu. Mimi, kwa kuwa niliwahi kufungua redio ya nyumbani ikapona, nikajitolea kuwa fundi. Mwalimu mlezi wa chama aliniuliza, "Una hakika?" Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu, ni kazi ndogo." Ama kweli mdomo huponza kichwa.

Tulinunua mjini vitu viwili. Cha kwanza ni ramu, yaani kumbukumbu ya muda ambayo tarakilishi hutumia inapofanya kazi, vijiti viwili vya gigabaiti 4 kila kimoja, vilivyotumika. Tarakilishi yetu ilikuwa na kijiti kimoja tu cha gigabaiti 2. Cha pili ni diski mpya ya aina isiyo na sahani inayozunguka ndani yake, ile inayoitwa SSD. Siku ya Ijumaa baada ya masomo, mimi na mwenzangu wa dawati tukachomoa waya, tukafungua kasha, tukatoa ramu ya zamani, tukatia zote mbili mpya, tukachomoa diski ya zamani tupate nafasi ya kupangusa vumbi, tukafunga diski mpya kando yake. Yote haya kwa muda wa saa moja, tukicheka na kupiga gumzo. Katika kuirudisha ile diski ya zamani iliniteleza ikagonga meza. Mwenzangu alinitazama, nami nikajifanya sikuona.

Tukabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ikawaka. Halafu, pii, pii, pii! Kimya. Pii, pii, pii! Skrini nyeusi tititi kama usiku wa manane.

Hapa inafaa nieleze kinachotendeka pale unapobonyeza kitufe, maana bila kukijua utakuwa unapapasa gizani kama tulivyopapasa sisi. Ndani ya tarakilishi kuna bodi kuu, ule ubao mpana ambao vipuri vyote huchomekwa juu yake. Kwenye bodi hiyo kuna chipu ndogo yenye programu iitwayo bayosi. Hiyo ndiyo huamka kwanza. Kazi yake ni kama ya mwalimu wa zamu asubuhi pale mstarini: huita majina. Prosesa, upo? Ramu, upo? Kifaa cha picha, upo? Kibodi, upo? Diski, upo? Wote wakiitika, ndipo inamkabidhi mwenye diski darasa, yaani mfumo endeshi kama vile Windows, nao unaanza kazi. Asipoitika mtu wa maana, bayosi haiendelei. Na kwa kuwa wakati huo pengine skrini yenyewe haijaamshwa, haina njia ya kukuandikia, basi inapiga mlio.

Milio hiyo si kelele za bure. Ni lugha. Tatizo ni kwamba kila kiwanda cha bayosi kina lahaja yake. Katika bayosi za AMI, milio mitatu mifupi ni malalamiko ya ramu. Katika zile za Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni malalamiko ya kifaa cha picha. Kwa hivyo kabla ya kuanza kulaumu kitu, tafuta jina la bayosi au la bodi yako usome maana ya milio yake. Sisi hatukusoma. Tulichomoa na kuchomeka, tukachomoa na kuchomeka, hadi bawabu akaja kutuambia anafunga geti. Tukaiacha vile vile, imechomolewa kwenye soketi, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Kumbuka jambo hilo la kuchomolewa, nitalirudia.

Jumatatu alasiri Mwalimu alituruhusu tumpelekee fundi mmoja mzee anayetengeneza redio na televisheni karibu na steji. Tulilibeba kasha ndani ya gunia safi, huyu upande huu na yule upande ule, watu wakidhani tumebeba mahindi. Nilipomwamkia yule mzee na kuanza kumweleza jinsi diski ilivyokufa (kwa maana tayari nilikuwa nimekata kauli kwamba ni ile diski niliyoiangusha), alinikatiza.

"Kijana, mara ya mwisho iliwaka lini?"

"Ijumaa mchana, mzee."

"Na kati ya hapo na sasa, mikono yenu iligusa nini?"

Nikamtajia. Akasema turudishe kila kitu kilivyokuwa Ijumaa mchana, kisha tuone. Ni hayo tu. Nilivunjika moyo kidogo kwa sababu nilitarajia atoe mashine fulani ya ajabu. Lakini msomaji, hilo ndilo jambo nililojifunza, na mengine yote katika makala haya yanalizunguka. Tarakilishi kuukuu ambayo imefanya kazi miaka mingi ikigoma muda mfupi baada ya kufunguliwa, ugonjwa aghalabu uko palepale mikono ilipopita. Na kama mikono ilipita mahali pengi kwa siku moja, kama yetu, hutajua ni wapi mpaka urudi nyuma, halafu uende mbele hatua moja moja. Kosa letu kubwa halikuwa kununua ramu wala kuangusha diski. Lilikuwa kubadilisha vitu vyote kwa pamoja.

Kabla ya kuingiza mkono, fundi alitufundisha adabu za kufungua kasha. Chomoa waya wa stima ukutani, usiridhike na kuzima swichi tu. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa bodi, kwa sababu mwili wako huweza kubeba umeme tuli, hasa ukiwa umevaa sweta, na cheche usiyoihisi inaweza kuua chipu. Kile kisanduku cha nyuma chenye feni, ambacho mafundi wanakiita pawasaplai, usikifungue kamwe hata kama tarakilishi imechomolewa. Ndani yake kuna vihifadhi umeme vinavyoweza kubaki na chaji kali. Na kama kina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230, hakikisha kiko kwenye 230. Stima yetu hapa Kenya ni volti 240. Ukikiweka kwenye 115, utasikia mlipuko na makala yako yataishia hapo.

Basi tukatoa ramu mbili mpya, tukarudisha ile kuukuu ya gigabaiti 2. Fundi alichukua ufutio wa penseli akasugua taratibu yale meno yake ya rangi ya dhahabu, akayapangusa kwa kitambaa kikavu. Uchafu na kutu kidogo kwenye meno hayo hutosha kuizuia ramu isiitike. Tena ramu haitaki kuogopwa: inasukumwa hadi vile vibano vya pembeni vijifunge vyenyewe, kaa! Ukiwa unaihurumia inabaki imekaa nusu.

Skrini ikawaka! Tulishangilia. Furaha yetu haikudumu. Palitokea maandishi meupe kwamba saa haijawekwa, na tarehe ilisoma mwaka wa 2009, tubonyeze F1 kuendelea. Tukabonyeza. Nembo ya Windows 7 ikatokea, ikaanza kung'aa, halafu skrini ya bluu ikapita kwa kasi kama matatu iliyokataa kusimama, tarakilishi ikajizima na kujiwasha upya. Nembo, bluu, giza. Nembo, bluu, giza. Nilihisi jasho likinitoka. Miaka saba ya jarida! Insha za watu ambao sasa wako vyuo vikuu! Nikakiri mbele ya Mwalimu, aliyekuwa amefika, kwamba niliiangusha diski.

Mwalimu hakusema kitu. Fundi naye alicheka. "Diski imekufa, halafu hiyo nembo unayoiona inatoka wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nembo ya Windows haimo ndani ya bodi, imo ndani ya diski. Kama bayosi imefaulu kuisoma diski hadi nembo ikatokea, basi diski inasomeka, angalau kwa kiasi. Diski ya sahani iliyoumia aghalabu hukwaruza au kugonga tik-tak tik-tak, au bayosi haiioni kabisa. Yetu ilikuwa kimya. Nililishika kosa la diski kwa sababu ndilo lililokuwa likinichoma moyoni, si kwa sababu ushahidi ulinipeleka huko. Wapelelezi wa riwaya wangenifukuza kazi.

Ili kuisoma ile bluu, unabonyeza F8 mara kadhaa kabla ya nembo kutokea, kisha unachagua kwamba tarakilishi isijiwashe upya yenyewe kosa linapotokea. Bluu ikasimama. Katikati ya maneno mengi palikuwa na nambari 0x0000007B. Katika Windows nambari hiyo maana yake ni kwamba mfumo umeanza kuamka lakini hauwezi kuifikia diski ambayo wenyewe unaishi humo. Ni sawa na mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake akiwa na ufunguo wa kufuli tofauti.

Kwa nini sasa? Jibu lilikuwa kwenye ile tarehe ya 2009 ambayo sisi tuliipuuza.

Kwenye bodi kuu kuna betri ya duara kama shilingi, inaitwa CR2032. Jina hilo lina maana: upana wake ni milimita 20 na unene wake ni milimita 3.2. Ikiwa mpya hutoa volti 3. Kazi yake ni kuiendesha saa na kuitunza mipangilio ya bayosi wakati tarakilishi haina stima. Ila tarakilishi ikiwa imechomekwa kwenye soketi yenye stima, hata ikiwa imezimwa, pawasaplai huendelea kutoa umeme kidogo, na betri hupumzika. Kwa hivyo betri inaweza kudhoofika miezi mingi usijue. Dalili ya kwanza ni saa kuchelewa. Yetu ilikuwa ikichelewa tangu muhula wa kwanza, na katibu wa chama aliirekebisha kila wiki bila kujiuliza. Fundi aliipima kwa mita yake ikasoma volti 2.1. Betri hiyo ilivumilia stima ikipotea kwa dakika chache, lakini siku tatu tulizoiacha imechomolewa zilikuwa nyingi mno. Ikazima. Bayosi ikasahau kila kitu, ikarudi katika mipangilio ya kiwandani.

Na katika mipangilio hiyo kuna mmoja unaohusu lugha ya kuzungumza na diski. Tarakilishi za umri ule huwa na lugha mbili: ile ya zamani, IDE, na ile mpya zaidi, AHCI. Aliyeweka Windows katika tarakilishi yetu miaka iliyopita alikuwa amechagua IDE. Kiwanda kilikuwa kimeweka AHCI. Bayosi iliposahau, ikaanza kuongea AHCI, na Windows 7 iliyozoea IDE haikuwa imeandaliwa kuielewa. Ndiyo bluu. Diski nzima, bodi nzima, faili zote salama, ila tafsiri imepotea.

Tukaweka betri mpya, tukaingia kwenye bayosi kwa kubonyeza F2 (nyingine huwa ni Delete au F10), tukarekebisha saa, tukabadilisha AHCI kuwa IDE, tukahifadhi na kutoka. Nembo ikatokea. Ikang'aa. Ikaendelea kung'aa. Halafu ikafunguka, na ile picha ya nyuma ya Mlima Kenya ambayo sijui nani aliiweka ikajaa skrini. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga.

Mwalimu alitoa fleshi mbili mfukoni. Hakutaka tuguse chochote kingine kabla ya kunakili folda yote ya chama katika fleshi zote mbili. Moja alikwenda nayo nyumbani, nyingine iko katika kabati la idara. Hilo ndilo lilipaswa kuwa jambo la kwanza kabisa Ijumaa ile, kabla hata ya kutafuta bisibisi. Vipuri vinauzwa dukani. Shairi la mwanafunzi aliyemaliza shule mwaka wa 2019 haliuzwi.

Sasa turudi kwa ramu, maana bado tulikuwa na vijiti viwili tulivyolipia na milio mitatu isiyoelezwa.

Ramu zina vizazi. Tarakilishi nyingi za nusu ya pili ya muongo wa 2000 hutumia DDR2, zilizofuata DDR3, kisha DDR4. DDR2 na DDR3 zote zina meno 240, ndiyo maana ukizitazama haraka unaweza kudhani ni moja, lakini lile pengo dogo katikati ya meno liko mahali tofauti. Ramu ikikataa kuingia, usiilazimishe, igeuze, na ikikataa tena, ujue umenunua kizazi kisicho chake. DDR4 ina meno 288. Za tarakilishi za kupakata ni fupi kabisa na haziingii kwenye za mezani. Zetu zilikuwa DDR3, bodi yetu ni ya DDR3, ziliingia vizuri. Kwa nini basi zililia?

Tulizijaribu moja moja, mashine ikizimwa na kuchomolewa kila mara. Ya kwanza ikaitika. Ya pili ikalia pii, pii, pii. Tukahamisha ile ya pili hadi nafasi nyingine, ikalia vilevile. Tukatia ya kwanza katika nafasi hiyo hiyo, ikaitika. Kwa hiyo nafasi si mbovu, kijiti ndicho chenye neno. Mtu wa haraka angesema kimekufa. Fundi alikichomeka kwenye tarakilishi nyingine mpya kidogo pale dukani kwake, kikafanya kazi bila wasiwasi!

Akatuambia tuhesabu chipu. (Zile nyeusi zilizopangwa juu ya kijiti, si chipsi za kantini.) Kijiti kilichoitika kilikuwa na chipu 16, nane kila upande. Kilichokataa kilikuwa na nane tu, upande mmoja. Vyote ni gigabaiti 4. Fanya hesabu: 4 ukigawa kwa 16 ni robo gigabaiti kwa kila chipu, 4 ukigawa kwa 8 ni nusu gigabaiti kwa kila chipu. Bodi nyingi za mwanzo za DDR3 zilitengenezwa kabla ya chipu za nusu gigabaiti kuenea, na hazijui kuzihesabu. Zikiletewa kijiti cha namna hiyo zinaona kitu ambacho si ramu. Kwa hivyo unaponunua ramu ya gigabaiti 4 kwa tarakilishi kuukuu ya DDR3, geuza kijiti, hesabu chipu pande zote mbili. Muuzaji wa kule mjini hakutuambia, nasi hatukuuliza. Tulipokirudisha alikubali kubadilisha, ila alituongezea shilingi mia mbili juu, eti hizo za chipu 16 siku hizi ni adimu. Sijui kama ni kweli au alituona na sare za shule.

Kabla ya safari hiyo ya dukani tulijaribu kuweka ramu moja mpya pamoja na ile ya zamani, jumla gigabaiti 6. Windows ikaonyesha 6, na kando yake ikaandika kwamba inayotumika ni 3.25 tu. Mwenzangu aliruka, "Tumeibiwa tena!" La, hakuna mwizi. Windows ile ilikuwa ya biti 32. Mfumo wa biti 32 huzipa sehemu za kumbukumbu anwani zenye tarakimu 32 za sifuri na moja. Mbili ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe hadi ziwe mbili 32, unapata 4,294,967,296, yaani baiti za gigabaiti 4 kamili, na Windows hizo za watumiaji wa kawaida zilibaki katika mpaka huo. Sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na kifaa cha picha na vingine, ndiyo maana hata 4 hazikufika. Ni kama mtaa wenye nambari za nyumba hadi mia moja. Ukijenga ya mia moja na moja, tarishi hataifikia hata kama ni ghorofa. Ukitaka kutumia zaidi, unahitaji mfumo wa biti 64, na prosesa inayoukubali. Prosesa yetu iliukubali.

Hapo ndipo diski mpya ilipoingia kazini, siku ya Jumatano, peke yake, kitu kimoja kwa siku moja. Windows 7 iliachwa bila marekebisho ya usalama tangu Januari 2020, na Windows 10 nayo ilifikia mwisho huo Oktoba 2025, kwa hivyo tuliweka Linux ya biti 64, ambayo hailipiwi. Tuliichomoa kwanza diski ya zamani ili tusije tukafuta isiyofaa. Tukarudi kwenye bayosi, safari hii tukaweka AHCI kwa makusudi, maana diski za SSD huielewa vizuri na mfumo mpya hauna mazoea ya zamani. Tukaiambia bayosi ianze kusoma fleshi yenye Linux kabla ya diski. Watu wengi husahau hapo. Wanapata maandishi kwamba hakuna diski ya kuwashia, wanaanza kufungua kasha, kumbe ni foleni tu imepangwa vibaya: bayosi inabisha mlango wa nyumba tupu.

Mengine nitayapitia upesi. Ukiongeza kadi ya picha, waya wa skrini uhamie kwenye kadi hiyo, usibaki kwenye bodi. Binamu yangu alihangaika siku mbili kwa ajili ya hilo. Kadi kubwa pia huenda ikahitaji stima kuliko pawasaplai yako inavyoweza kutoa, na dalili yake ni tarakilishi kuzimika unapoipa kazi nzito. Tazama vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye bodi: vichwa vyao viwe bapa. Vikivimba kama mandazi, bodi inaumwa, na hakuna ramu itakayoiponya. Bodi nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikufa kwa ugonjwa huo. Na ukiona saa imerudi nyuma miaka, intaneti nayo itakusumbua, kwa sababu tovuti salama hukaguliwa kwa vyeti vyenye tarehe, na tarakilishi inayodhani huu ni mwaka wa 2009 itavikataa vyote.

Sasa tarakilishi ya chama ina gigabaiti 8 na huwaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Ukurasa huu umechapwa humo. Diski ya zamani iko kabatini ndani ya bahasha, imeandikwa tarehe. Kando ya tarakilishi tumefunga daftari kwa uzi kwenye mguu wa meza. Yeyote anayefungua kasha huandika siku, alichogusa, na mipangilio ya bayosi aliyoikuta. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mimi mwenyewe, pamoja na ile habari ya diski kugonga meza.

Kilichobaki ni feni ya prosesa, ambayo inalia kama jogoo mwenye mafua ikifika saa sita mchana. Fundi anasema ni vumbi na ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na chuma chake. Tumepanga kuifungua likizo ijayo, feni hiyo tu, na fleshi za Mwalimu zitakuwa zimejazwa kwanza.